Taa za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Gari limefika! Baba mkwe amelileta mwenyewe, akaliegesha chini ya dirisha la sebule, akanipa ufunguo taratibu kama mkunga anayekabidhi mtoto. Goti lake la kushoto limegoma kukanyaga klachi, hata hapa amefika kwa shida. Basi. Ameachana na usukani.

Mpango wake ni huu. Ana wakwe wawili wa kiume: mimi, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Kila mmoja anakaa na gari wiki moja. Jumapili mzee anakuja hapa kwangu, analikagua, anaamua libaki kwa nani. Hakuna rufaa.

Mwanyumba wangu familia nzima inamwita Nadhifu. Huyu ni mtu anayefuta viatu kabla ya kuingia ndani, na akitoka anavifuta tena. Wiki yake imekwisha jana. Mzee alipokwenda kunywa maji nikalizunguka gari kuona mwenzangu kaacha nini. Injini imesuguliwa kwa mswaki. Zulia limechanwa. Hata tundu la ufunguo linanukia sabuni. Nikakaa kwenye ngazi, roho imesinyaa.

Halafu nikaziona taa za mbele. Vioo vyake ni vya plastiki, na plastiki imepigwa na jua miaka yote hiyo mpaka imekuwa njano. Ukungu mtupu. Balbu haionekani. Nadhifu kaziacha hivyohivyo! Nilitaka kucheka peke yangu. Nikacheka.

Mzee akanikuta nacheka na taa. Akasema hizo zipelekwe kwa fundi wa taa, nisije nikazigusa mwenyewe. Nikaitikia ndiyo baba. Lakini nimeshapiga hesabu zangu. Fundi akizing'arisha, sifa anachukua fundi. Mimi nitabaki kuwa mkwe aliyeendesha gari hadi kwa fundi.

Niandike na hili, maadamu hakuna anayesoma. Mke wangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Zamu yake inaanza kabla hakujapambazuka. Anatembea kwa miguu kando ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, mahali pasipo na taa hata moja. Mwezi uliopita mtu alimvuta mkoba gizani. Mke wangu akauachia, akakimbia na kiatu kimoja. Alinisimulia huku anacheka, ila tangu siku hiyo anatembea na jiwe kwenye mfuko wa koti. Hajawahi kuniomba nimtafutie gari. Nalitaka hili gari kuliko kitu chochote.

Jioni: dawa ya meno. Kila mtu anajua dawa ya meno inang'arisha taa. Nimetumia tyubu nzima na mswaki wangu. Zilipokuwa na povu zilipendeza. Nikasuuza, nikasubiri. Zilipokauka zikarudi njano ileile, isipokuwa sasa zinanukia mnanaa. Mke wangu ameuliza dawa ya meno iko wapi. Nimemwambia imekwisha, na huo ni ukweli.

Jumanne, 4 Machi

Kazini, stoo ya magodoro. Mwenzangu wa upande wa mito amesema dawa ya meno ni mambo ya kizamani. Siku hizi watu wanatumia dawa ya kufukuza mbu, ile ya kupuliza mwilini. Ameona video. Nimemuuliza kama yeye amewahi kujaribu. Amesema yeye hana gari.

Nikaichukua ya kwetu bafuni. Nikapuliza kioo cha kulia, nikafuta kwa kitambaa. Mungu wangu! Unjano ukatoka wote ukabaki kwenye kitambaa, rangi ya chai ya rangi. Kioo kikawa cheupe, kikavu, safi. Nikapuliza na cha kushoto. Nikasimama kando, mikono kiunoni, nikajiona mtu.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia kwenye simu. Baba mkwe akaandika safi sana mwanangu, ni fundi gani huyo. Nikaandika ni mtaalamu mmoja, mtu asiyependa kujitangaza. Nadhifu akadakia kwamba taa za gari lake nazo zimeanza ukungu, anaomba namba ya simu ya fundi. Nikaandika hana simu. Mtaalamu asiye na simu! Nimeliandika jambo hilo kwa vidole vyangu mwenyewe na familia nzima imelisoma.

Nadhifu akajibu sawa, basi atapita Ijumaa nimpeleke kwake.

Nimerudi nje kuangalia kazi yangu ili nipate moyo. Kitambaa kimeganda kwenye taa. Matone yaliyodondoka kwenye bampa yamekunja rangi. Nimejiambia ni kivuli.

Jumatano, 5 Machi

Si kivuli. Rangi ya bampa imekunjamana sehemu tatu nzima. Taa zinanata. Vumbi la usiku kucha limeganda juu yake, na mbu wamenasa. Mbu! Kwenye dawa ya kufukuza mbu.

Ukungu umerudi na kuzidi. Sasa hivi mzee akija ataona kitu kibaya kuliko alichoniachia, na picha yangu ipo kundini inanisuta.

Baada ya kazi nimekwenda duka la spea. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye sauti kubwa. Nikamwambia nataka vifaa vya kung'arisha taa, ni vya fundi wangu. Akanipa msasa wa maji wa aina tatu, mia nne, elfu moja na elfu mbili, na kopo la polishi. Akataka kunipa na chupa ya vanishi ya kupaka mwisho, eti bila hiyo jua litaziharibu upya. Nikaona huyu sasa ananiuzia kofia ya kuvalisha kofia. Nikaikataa. Akaanza kunieleza namna ya kutumia msasa. Nikamwambia fundi wangu anajua. Akasema haya, akamgeukia mteja mwingine.

Namba za msasa zilinisimamisha kidogo, lakini nina akili zangu. Mimi ni mtu wa magodoro. Godoro la inchi nane ni zito kuliko la inchi nne, hilo halina mjadala. Kwa hiyo elfu mbili ndiyo yenye nguvu, naanza nayo kung'oa uchafu. Elfu moja inafuata. Namalizia kwa mia nne, laini, ya kuremba.

Nikazungushia selotepu kwenye rangi. Nikamwagia maji. Elfu mbili haikufanya lolote la maana, ikapapasa tu. Nikajua nimeuziwa feki. Elfu moja ikajitahidi. Mia nne ndiyo ilikuwa na moyo wa kazi! Ikakwaruza mpaka jirani akafungua dirisha. Maji meupe yakatiririka. Chini ya maji kioo kilionekana safi kabisa.

Kikakauka. Kikawa cheupe kama maziwa.

Nikakimwagia maji. Safi. Kikakauka. Maziwa. Nimekaa nacho hadi giza likaingia, namwagia, nangoja, namwagia. Nimefikia uamuzi kwamba taa hazina tatizo. Tatizo ni ukavu. Nilipotoa selotepu, iliondoka na rangi kidogo ya boneti. Sijaitazama sana.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika haya kabla sijatafuta visingizio.

Asubuhi mke wangu aliamka akavaa koti, akasimama mlangoni bila kutoka. Akasema jana kando ya ule ukuta kuna mtu alikuwa nyuma yake. Akienda mbio, na hatua zile zinaenda mbio. Akisimama, zinasimama. Akasema kwa kuwa gari lipo hapo nje, je, leo naweza kumpeleka. Ndiyo mara ya kwanza kuniomba. Ningemjibu nini? Kwamba taa zinafanya kazi zikiwa na maji?

Nikajaza chupa ya maji, nikaiweka chini ya kiti.

Nje giza. Nikamwagia taa kabla hatujaondoka. Akauliza nafanya nini. Nikasema napoza. Tukaondoka vizuri, barabara ilionekana. Kisha upepo wa mwendo ukakausha kila kitu. Mwanga ukatawanyika ukawa moshi mweupe mbele yetu, ukaishia kwenye ncha ya boneti. Nikasimama, nikashuka, nikamwagia. Tukaenda. Pakafifia. Nikashuka tena. Mke wangu alikuwa ameacha kuuliza maswali. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Maji yaliisha mwanzo wa ukuta wa kiwanda. Ningeweza kusimama pale. Nasema kweli, nililifikiria. Lakini ningesimama ningelazimika kueleza. Nikaendelea kwa kukumbuka barabara ilivyo.

Akasema simama. Hakupaza sauti. Nikasema tumekaribia. Akavuta breki ya mkono mwenyewe. Gari likayumba likakaa upande.

Mbele ya boneti alikuwepo mtu. Mtu mzima na mkokoteni wake wa magunia matupu, na kiganja chake kimekaa juu ya bati la gari letu kana kwamba analizuia. Tungemkanyaga. Sikumwona kabisa. Mke wangu akashuka, akamwomba radhi, akamuuliza kama ameumia. Akasema hapana. Akasema alivuka kwa sababu kwa mwanga ule alidhani gari limeegeshwa mbali. Akainua mkokoteni akaenda zake, na hakunitukana, nami nilitamani anitukane.

Mke wangu akafunga mlango bila kuubamiza. Akamalizia njia kwa miguu, peke yake, mkono mfukoni. Nilipaswa kumfuata. Nilikaa ndani ya gari hadi kukapambazuka.

Ningemuua mtu, na mke wangu akiwa kando yangu. Nimeogopa mpaka sasa sijala. Dawa ya haya yote ni moja tu, kumaliza kazi ya taa kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu haongei. Chakula anaweka, chai anaweka, maneno hakuna. Nikiuliza kitu anajibu kwa kichwa. Hajamwambia baba yake, au hajamwambia bado. Simu yake ikilia mimi ndiye ninayeshtuka.

Niliomba ruhusa kazini nikarudi mapema. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari naongeza mia nne juu ya mia nne, yeye akatoka nje. Akaziokota karatasi zangu za msasa. Akajipitishia kila moja nyuma ya mkono. Akauliza, neno lake la kwanza tangu jana, kwa nini namalizia na ile inayochuna ngozi.

Nikamweleza habari za magodoro. Inchi nane, inchi nne.

 Akasema kule kufuliani hakuna anayeanza na kitambaa laini akamalizia na brashi ya waya. Akazipanga chini, mia nne, elfu moja, elfu mbili, akaingia ndani. Nikazigusa. Ee! Elfu mbili ni laini kama karatasi ya kawaida. Kumbe nimekuwa nikiharibu kwa bidii.

Nimeanza upya, sawasawa safari hii. Maji tele, mkono mwepesi. Ilipofika elfu mbili maziwa yakaondoka, pakabaki ukungu mwembamba, kama mtu amehemea kwenye kioo. Bado polishi tu. Mabega yameisha.

Ndipo nikasikia mtu anafuta viatu. Nadhifu! Nilikuwa nimemsahau. Nikalitupia gari nailoni kubwa ya kufungia magodoro, nikasimama mbele yake. Akataka kuona taa. Nikasema fundi kakataza zifunuliwe, zinatulia. Akauliza fundi yuko wapi. Nikasema amekwenda kula. Akaitazama mikono yangu, nyeupe hadi viwikoni, vidole vimekunjamana kwa maji. Akasema fundi huyo anamtumikisha mtu.

Kumbe alikuja na mashine yake ya kung'arishia, ile ya umeme yenye sponji inayozunguka. Akasema nimpe fundi aitumie, ila aende mwendo wa chini kabisa na kioo kisikauke. Nikasema fundi anayajua hayo. Akafungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, kisha akaaga.

Anajua? Hajui? Ananihurumia au ananichimbia shimo? Nimeichukua mashine.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi taa ya kushoto, kwa mkono, polishi na kitambaa. Nimesugua mpaka jasho likaingia machoni. Nilipofuta mara ya mwisho, nikaona balbu. Nikaona na skrubu za ndani, na mchwa mdogo aliyekufa humo sijui mwaka gani. Safi kama ya dukani!

Nilimwita mke wangu. Akaja akifuta mikono. Aliigusa taa kwa kidole, akaacha kidole pale. Akabaki amesimama nami kitambo. Nilifurahi mno.

Ningefanya na ya kulia vilevile ningekuwa nimemaliza saa za mchana. Lakini mkono ulikuwa umechoka, na mashine ilikuwa pale inanitazama. Mwendo wa chini ni wa watu wasio na haraka. Nikapeleka hadi mwisho. Ilinguruma vizuri. Sponji ikazunguka, polishi ikaruka ikanipaka usoni, nikafumba macho. Nikaendelea nimefumba.

Harufu ndiyo iliyonifumbua. Plastiki inaungua.

Katikati ya kioo cha kulia kuna doa la kahawia, limezama, lina mistari ya mviringo. Haliondoki kwa maji. Haliondoki kwa elfu mbili wala kwa mia nne. Nililijaribu hata kwa ukucha. Nikakaa chini kwenye maji machafu.

Nimefikiria kubandika stika. Nimefikiria kusema ni jiwe lililoruka barabarani. Nilishika simu nimpigie Nadhifu nimwambie ukweli, niliifikia hadi namba yake, nikairudisha mfukoni. Mtu akipoteza gari, bado ana heshima. Kwa Nadhifu ningevipoteza vyote viwili kwa simu moja.

Mpango wa mwisho ni wa maegesho. Nimelisogeza gari, ubavu wa kulia umekaribia kugusa ukuta hadi nikatokea mlango wa abiria, tangi la maji limekaa mbele ya kona. Ukiingia getini unaiona taa ya kushoto tu. Inang'aa. Mzee ana goti bovu, hawezi kujipenyeza huko. Mke wangu alikuwa dirishani muda wote. Alinitazama nikipima kwa hatua, akafunga pazia.

Jumapili, 9 Machi

Wamefika wote. Baba mkwe, Nadhifu na mkewe, shemeji yangu.

Mzee hakutaka hata kukaa. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati huku analalamika siku hizi haioni vizuri, akaivaa tena. Akainamia taa ya kushoto. Akapitisha kidole. Akasema ajabu. Akasema gari hili lilikuwa na macho namna hii siku alipolinunua. Akanishika bega. Nadhifu alikuwa anatazama bampa pale rangi ilipokunjamana.

Nikadhani imepita.

Mzee akataka kuiona ya pili. Nikasema iko ukutani. Akasema nirudishe gari nyuma. Nikasema gia ya nyuma imekuwa ngumu. Nadhifu akasema wiki iliyopita ilikuwa laini. Nikasema imebadilika. Mzee akasema basi niwashe tu taa kutoka hapo. Nikasema ufunguo sijui nimeuweka wapi. Wote wakautazama mkono wangu. Ufunguo ulikuwa mkononi, nimeushika mbele ya watu.

Mke wangu akaja akauchukua. Akaingia kwa mlango wa abiria, akahamia kwenye usukani, akawasha, akarudisha gari nyuma mara moja bila kugusa ukuta wala tangi. Nilisahau kwamba baba yake alimfundisha udereva ndani ya gari hilihili kabla mimi sijamjua. Akaligeuza, akasimamisha mbele ya baba yake, akawasha taa. Hata mchana ule ilionekana. Ya kushoto ilipiga ukutani, imenyooka. Ya kulia ilitoa kitu cha kahawia, kimepinda.

Akashuka, akasema yote. Dawa ya meno. Dawa ya mbu. Msasa kinyumenyume. Fundi asiyekuwepo. Mtu wa mkokoteni, na kiganja chake juu ya boneti. Nilitaka ardhi inimeze. Nilijua ananimaliza, na nilijua ana haki.

Lakini hakuishia hapo. Akamwambia baba yake kwamba yeye mzee aliuliza nani atalitunza gari, hakuuliza nani anatembea gizani. Akamweleza habari za ukuta, mkoba, kiatu kimoja, hatua za nyuma yake. Mzee hakuwa akijua hata moja. Akauliza kwa nini hakumwambia. Mke wangu akajibu kwamba baba alikuwa amekwisha kutangaza gari ni la wakwe.

Mzee akaingia ndani ya gari lake, akakaa kiti cha abiria, mlango wazi. Akavua miwani akaiweka kwenye dashibodi, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akasema gari ni la binti yake. Suala la wakwe limekufa. Akanitazama mimi, akasema nikizigusa taa hizi tena atakuja na goti lake hilohilo.

Nadhifu ndiye aliyenishangaza. Akanivuta pembeni, akasema alijua tangu picha ya Jumanne, kwa sababu yeye naye aliwahi kupuliza dawa ya mbu kwenye taa za gari lake, kisha akaziunguza kwa mashine ileile. Ndiyo maana za mzee hakuzigusa. Alitaka kuniambia Ijumaa, akaona nitaaibika. Akaenda kwa wauza vyuma chakavu anaowajua, akarudi na taa ya kulia iliyotumika, nzima. Tukaifunga pamoja. Yeye alifunga, mimi nilishika skrubu. Akazipaka taa zote mbili vanishi. Ile ya chupa, niliyoikataa dukani.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Jioni mke wangu akanipa chai, akakaa. Akaniambia nimempa hofu ambayo hajawahi kuipata hata kule ukutani. Nikamwomba msamaha, nikamaanisha. Akasema amesikia, ila nimuahidi nitaacha kufanya mambo kwa kujidanganya. Nikaahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Ameondoka na gari lake alfajiri. Nilisimama getini. Mwanga ukatoka mrefu, ukamulika barabara hadi kona, nikamwona paka anavuka mbali kabisa. Amenipigia alipofika. Amesema kando ya ukuta hakukuwa na mtu, na kama angekuwepo angemwona. Koti ameliacha nyumbani, asubuhi ilikuwa na joto. Nimefurahi kupita kiasi. Tukiliangalia jambo hili kwa haki, bila taa zangu mzee asingejua lolote, na mke wangu asingepata gari. Mpango umefanikiwa, ulizunguka tu.

Nimejifunza mengi. Nimeahidi na nitatimiza.

Mzee alisahau miwani yake kwenye dashibodi. Mke wangu ameiacha mezani, ameniagiza nimpelekee jioni nikitoka kazini, maana bila hiyo hasomi wala hatambui mtu. Nimeichukua nikaisogeza kwenye dirisha. Masikini mzee! Imekwaruzika yote. Ina ukungu. Ndiyo maana analalamika. Nimeigonga kwa ukucha: si kioo, ni plastiki tupu.

Mikwaruzo kama hii najua inavyotoka. Polishi imebaki nusu kopo, na msasa upo. Atakapoivaa jioni atajua ana mkwe wa aina gani. Safari hii hakuna papara, wala mashine, wala mambo ya magodoro. Naifuata kanuni kama ilivyo.

Naanza na mia nne.